Joki: uangalie asilimia ya ushindi au faida kwa dau?

Wengi wanaobeti farasi wa Uingereza wakifungua takwimu za joki (mpanda farasi wa mbio) wanakimbilia asilimia ya ushindi, kapanda mara ngapi kashinda mara ngapi, basi. Sio mbaya, inakuonyesha nani anapewa farasi wazuri, mtu kama Ryan Moore anapanda farasi wa treina (mkufunzi wa farasi) mkubwa Aidan O'Brien, sasa hapo unategemea nini? Ila unakuwa unasifia zizi zima sio joki peke yake.

Faida kwa dau, yaani ukimwekea joki dau lilelile kila mbio unabaki na shilingi ngapi, ni habari nyingine kabisa. Chukua joki anashinda 25%, odi zake wastani 3.0, ukimwekea 1,000 mara 100 umetoa 100,000 inarudi 75,000, umeliwa. Mwingine anashinda 10% tu ila kwa odi 12.0, inarudi 120,000. Asiye na jina ndo kakulipa.

Jina linakula odi jamani. Uwanja wa Ascot, Uingereza, Septemba 28, 1996, joki maarufu Frankie Dettori kashashinda mbio sita siku hiyo, ya saba yuko juu ya farasi Fujiyama Crest, asubuhi alikuwa 12/1 (yaani odi 13.0), watu wakamvamia kwa madau mpaka akaanza na 2/1 (odi 3.0). Akashinda kweli, kampuni za kubeti zikalia, lakini aliyeweka dakika za mwisho alinunua jina kwa bei mbaya.

Shida ya faida kwa dau, farasi mmoja wa odi 50 anaweza kupamba takwimu za msimu mzima, so mbio 20 hazitoshi. Mimi naanza na faida, halafu nacheki anafanya vizuri uwanja gani na kwa treina gani, asilimia naisoma mwishoni.