Chuma cha vitumbua cha mashimo saba: tathmini baada ya miezi mitatu

Nilinunua chuma hiki Kariakoo mwezi Januari, wakati shule zinafunguliwa, kwa shilingi 20,000, nikiwa na nia moja tu: kuacha kuwafungia watoto wangu wawili biskuti za dukani, niwapikie kitu kitamu ambacho ninajua kilichomo. Nimekitumia mara mbili au tatu kwa wiki tangu wakati huo, na ninaridhika nacho, ingawa si kwa sifa zile alizokinadi nazo muuzaji.

Ni chuma cha kusubu, kizito, na uzito huo ndio ubora wake, kwa kuwa kikishapata moto hakipoi upesi rojo linapomiminwa. Siku ya kwanza, hata hivyo, vitumbua vyote vilinata nikavibandua vipande vipande kwa kijiko, kwani hakuna aliyeniambia kwamba chuma kipya hupakwa mafuta na kuchomwa mpaka kitoe moshi kabla ya kupikiwa. Baada ya kukichoma hivyo mara tatu, sasa nusu kijiko cha chai cha mafuta katika kila shimo kinatosha, tofauti na maandazi ambayo lazima yaogelee karaini.

Vikombe viwili vya mchele ulioloekwa usiku kucha hunipa vitumbua 21, yaani mikupuo mitatu. Kwa kawaida nyumbani kwetu tulitia nusu kikombe cha sukari, takriban gramu 100, kwa hiyo mtoto aliyekula vitatu alipata karibu gramu 15, vijiko vya chai vinne kasoro. Sukari hiyo nimeiondoa yote. Mchele nausaga pamoja na ndizi mbivu mbili zilizokwisha kuingia madoa meusi, tende sita, tui zito na iliki, kisha naukandia hamira na kuuacha uumuke. Tende nazo ni tamu kwa sukari, sijidanganyi, lakini huja na nyuzinyuzi zake, na mwanangu mdogo hajauliza sukari imekwenda wapi.

Kasoro ipo kwenye moto. Rojo lenye ndizi huwahi kuungua, na juu ya jiko la gesi shimo la katikati hubadilika rangi kabla ya yale sita ya pembeni kushika, wakati juu ya mkaa yote huiva sawia. Mpini wa mbao nao ulilegea mwezi wa pili, na kifuniko hakipo, hivyo naazima cha sufuria.

Vitumbua vikiiva navitandaza kwenye ungo dakika 20 kabla ya kuvifunga, maana mvuke ukibaki ndani ya kikontena huvilowesha, na kwa joto la Dar es Salaam chakula chenye tui huchacha mapema. Mwenye jiko la mkaa akinunue bila wasiwasi. Mwenye gesi pekee alijaze shimo la katikati mwisho na kulitoa la kwanza, kama ninavyofanya siku za mvua.