Springi za oda kwa pete za kaboni za tabaini: nyota 4 kati ya 5

Nafanya matengenezo kwenye kiwanda cha sukari hapa Tanzania, upande wa tabaini za mvuke zinazozungusha vinu vya kukamulia miwa. Nilichoagiza ni kitu kidogo ambacho watu wa manunuzi hukidharau: springi nyembamba ya kuvuta, ncha zake zikiunganishwa inakuwa pete. Inakaa kwenye mfereji wa nje wa pete ya kaboni, ile inayozuia mvuke usivuje kando ya shafti. Pete yenyewe imekatwa vipande vitatu, na springi ndiyo inayovishika vikae pamoja kuzunguka shafti. Ndugu yake mdogo mnamfahamu, ni kile kispringi kilichomo ndani ya oili sili ya gari.

Ikilegea, vipande vinaachana, mvuke unapenya kwenye glendi, yaani kasha linaloshika pete hizo, na kwenda kuingia kwenye nyumba ya beringi. Mafuta yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Nimeona watu wakimwaga mafuta, wakajaza mengine, wakamwaga tena, na hakuna aliyefungua glendi kutazama springi.

Kabla ya oda hii tulikuwa tukitumia springi kutoka duka moja la Gerezani, Dar es Salaam. Kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na kipenyo, hazikuwa na kasoro: unene wa waya sawa, kipenyo sawa, urefu sawa. Muuzaji aliapa kuwa ni stenlesi. Wengi hukimbilia sumaku kumaliza ubishi wa aina hii, lakini waya wa stenlesi ukishavutwa baridi mpaka ukawa waya wa springi, nao hushika sumaku kidogo, kwa hiyo sumaku haikuambii kitu cha uhakika. Kutu ndiyo iliyosema. Ulikuwa waya wa chuma cha kawaida, ambao ukizidi nyuzi joto 120 za Selsiasi au karibu na hapo huanza kupoteza nguvu yake. Sasa piga hesabu: mvuke wenye shinikizo la bar 1 juu ya hewa ya kawaida, hata kabla haujapashwa zaidi, tayari uko nyuzi 120, na mvuke unaotoka kwenye tabaini zetu kwenda kuchemsha maji ya miwa hauko chini ya hapo. Springi zile zilitoka zimelegea kabisa.

Safari hii tukaandikia kiwanda kimoja cha India kinachotengeneza springi kwa oda. Kilichonifurahisha ni kwamba hawakutuma bei, walituma maswali kwanza. Kipenyo cha chini ya mfereji ni kiasi gani? Joto la juu kabisa? Kuna kemikali yoyote kwenye mvuke? Springi itavishwa kutoka mwisho wa shafti au lazima ifungwe shafti ikiwa mahali pake? Halafu lile ambalo hakuna muuzaji wa hapa aliyewahi kuniuliza: ikishavutwa hadi kipenyo cha kufanyia kazi, unataka ivute kwa nyutoni ngapi?

Hapo ndipo ilipo roho ya jambo. Springi ya namna hii husokotwa mizunguko ikigusana, tena ikibanana, kiasi kwamba haianzi kufunguka mpaka uivute kwa nguvu fulani. Huo ndio mvuto wa awali. Kwa kuwa ni ndefu na ina mamia ya mizunguko, ukiivuta milimita chache nguvu inayoongezeka ni ndogo, hivyo sehemu kubwa ya kazi inaweza kuwa inafanywa na mvuto wa awali peke yake. Mvuto huo kalipa haiuoni. Springi mbili za vipimo vilevile zinaweza kutofautiana kabisa, kwa sababu mtengenezaji akizipasha moto baada ya kuzisokota ili zitulie, mvuto wa awali hupungua, na hupungua zaidi kadiri joto la tanuri linavyopanda. Asiyeandika kiwango cha mvuto kwenye mchoro amemwachia fundi wa tanuri aamue.

Upande wa hesabu si mgumu. Mvuto wa springi ukiuzidisha kwa 6.28 unapata jumla ya nguvu inayobana kuelekea katikati kuzunguka pete nzima, yaani nyutoni 5 za mvuto ni kama nyutoni 31 za kubana. Na unene wa waya usiuchezee: ukitoka milimita 0.8 kwenda 0.9, ugumu unapanda kwa asilimia 60 hivi kwa sababu ya unene tu, mengine yote yakibaki vilevile. Kwenye oili sili kosa hilo linachoma mdomo wa mpira na kuchimba shafti. Kwenye kaboni nafasi ya shafti inalindwa na vipande vyenyewe vinapokutana ncha kwa ncha, lakini springi kali mno inakupa taabu ya kufunga, na kaboni haina msamaha ikigongwa.

Walipendekeza Inconel X-750, aloi ya nikeli inayohimili joto kali. Stenlesi ya daraja la 302 ingetosha kwa joto letu, nami niliwaambia hivyo, lakini tabaini ikizunguka bila mzigo mvuke unaotoka hupanda joto, kwa hiyo sikubishana sana. Bei iliwashtua watu wa ofisi. Ncha tulichagua ndoano na kitanzi, maana rota, yaani shafti na magurudumu yake, haitoki kwa ajili ya kubadilisha pete za kaboni. Ile ya ncha nyembamba inayoskurubiwa ndani ya ncha ya pili ni safi zaidi kwa oili sili, ila kuifunga gizani chini ya kifuniko cha glendi ni mateso.

Zilipofika nilizipima kwa njia ya karakana: unatundika ncha moja kwenye msumari, unaning'iniza nusu kilo, ambayo ni karibu nyutoni 5, unapima urefu na kulinganisha na mchoro. Zote zilikaa ndani ya kiwango kilichokubaliwa. Tulizifunga wakati wa masika kiwanda kikiwa kimesimama, na msimu mzima wa kukamua mafuta ya beringi yalibaki na rangi yake. Tulipofungua tena, zilirudi kwenye urefu wake bila shida.

Nyota moja nimeizuia kwa ufungashaji. Saizi mbili tofauti zilitiwa kwenye mfuko mmoja, ndoano zimeshikana na mizunguko, na ukivuta kwa haraka unaifungua springi mpaka isirudi. Mbili tulizitupa kabla hazijaona mvuke. Nimewaandikia kwamba oda ijayo kila springi ije imenyooshwa ndani ya mrija wake wa plastiki, na namba ya mchoro iandikwe juu. Wamekubali, na gharama ya mirija wameiongeza kwenye bei.