Kuingiza pesa ni dakika tano, kuitoa niulize mimi

Jina la kampuni sitalitaja, wenyewe wakisoma watajijua. Niko kwenye mfuko wao wa pamoja, ule wa soko la fedha, yaani wanakusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza kwa niaba yetu, miaka kadhaa sasa, na hadi majuzi mimi ndiye nilikuwa mhubiri wao hapa Busia, upande wa Uganda, tena bila kulipwa. Nimewaingiza wanawake wenzangu wanaouza mukene, yaani dagaa, nimemwingiza shemeji yangu, nimemwingiza hadi kinyozi wa jirani. Sasa wakinisalimu naitikia nikiwa natembea.

Kujiunga kulikuwa raha tupu. Kijana wa mauzo alinifuata mpaka kibandani, na suruali yake nyeusi iliyopigwa pasi akakaa juu ya gunia la mukene bila kinyongo. Akapiga picha kitambulisho changu, akanitandikia fomu juu ya gunia la pili, akanionyesha pa kusaini. Chai haijapoa, mimi ni mwekezaji. "Mama, hii ni kama benki," akasema, "lakini hii yenyewe inakulipa." Na kweli ililipa. Kila mwezi taarifa inakuja kwenye simu, faida imeongezeka. Mwaka mmoja ilizunguka kwenye asilimia 11. Kwa shilingi milioni 4 nilizokuwa nazo mle, hizo ni kama 440,000 kwa mwaka, sawa na elfu thelathini na sita hivi kwa mwezi. Kwa mtu anayeamka alfajiri kupokea magunia ya samaki, pesa inayokua yenyewe huku umelala ni kitu cha kukufanya uhubiri.

Basi muhula ukakaribia kufunguliwa. Mwanangu wa kiume yuko Senior Four, yaani kidato cha nne, shule ya bweni upande wa Jinja, na ile shule haina mchezo: huna risiti ya ada, getini hupiti. Nikaomba watoe milioni moja na nusu. Karatasi yao wenyewe inasema siku 3 za kazi. Siku zikapita, simu iko kimya. Nikipiga, napigiwa muziki. Wa muziki akichoka, anakuja mtu kusema "linashughulikiwa". Nikauliza linashughulikiwa na nani, ukarudi muziki.

Mtoto akarudishwa getini na sanduku lake. Nikapanda taksi kwenda Kampala.

Hapa ndipo nataka msome polepole. Ofisi ni nzuri, vigae vinang'aa, kiyoyozi kinakuumiza meno. Dirishani kuna binti, umri wa binti yangu wa pili. Alianza na Kiingereza, nikamjibu Kiswahili, akahamia Luganda, mwishowe tukakutana katikati. Akafungua faili langu kwenye skrini, akachukua ile fomu yangu ya kutoa pesa, akaigeuza upande, akaisogeza karibu na kioo.

"Mama, saini hazifanani. M yako ya zamani ina mkia. Hii haina."

"Mwanangu, ile niliisaini juu ya gunia la samaki. Mtu wenu alikuwa amekaa juu ya lingine."

Hakucheka. Akanipa karatasi nisaini upya. Nikasaini. Mkia umekuwa mrefu mno. Nikasaini tena nyuma ya risiti, nikiwa najilazimisha kuukumbuka mkono wangu wa miaka ile, mkono ukaanza kutetemeka, na sasa hata M yenyewe haijulikani ni M. Akaniambia nikalete barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kuthibitisha kuwa mimi ni mimi. Mwenyekiti wangu yuko Busia. Mimi niko Kampala, na kitambulisho cha taifa kiko mezani mbele yake, na sura yangu iko juu yake.

Nikamwambia mtoto yuko nyumbani, wenzake wako darasani. Ndipo akasema lile neno ambalo mpaka leo nikiosha vyombo linanirudia. Hata hakuinua macho.

"Mama, hii si benki. Huwezi kuja asubuhi ukataka pesa mchana."

Jamani. Wakati wa kuchukua ni kama benki, wakati wa kurudisha si benki! Na pesa sikuiomba asubuhi ile, niliiomba wiki iliyopita. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Watu waliokuwa kwenye viti wakaacha kutazama simu zao. Akatoka mzee mmoja wa ndani, mwenye miwani, akakitazama kitambulisho, akanitazama usoni, akagonga muhuri. Basi. Kazi yote ile ilikuwa ya muhuri mmoja.

Hata baada ya muhuri pesa haikuja siku hiyo. Mtoto hawezi kusubiri, nikaenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Asilimia 10 kwa mwezi. (Najua serikali imeweka kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi kwa wakopeshaji. Nenda ukamwambie yeye, mimi nilikuwa na haraka.) Na mkopeshaji hahesabu siku, ukikaa na pesa yake wiki moja au mwezi mzima, riba ni ile ile. Kwa milioni moja na nusu nikatoa 150,000. Sasa rudi kwenye hesabu yangu ya juu: elfu thelathini na sita kwa mwezi. Saini isiyo na mkia imekula faida yangu ya miezi minne na kubakiza deni.

Hiyo gharama huikuti kwenye kijitabu chao. Kwenye kijitabu kuna ada ya usimamizi, asilimia 2 kwa mwaka kwa mfuko wangu, na nimegundua watu wengi niliowaingiza hawajui hata kama ipo, kwa sababu hukatwa ndani kwa ndani kabla faida haijatangazwa. Kwa milioni 4 ni elfu themanini kwa mwaka. Siilalamikii sana. Wananunua hati za hazina na hatifungani za serikali kwa niaba yetu, yaani wanaikopesha serikali kwa muda mfupi na mrefu, wanaweka amana kwenye mabenki, ni kazi. Halafu kuna ile ya mwisho kabisa: pesa ikifika kwenye simu, ukienda kuitoa kwa wakala, serikali inachukua asilimia 0.5 yake, juu ya makato ya mtandao. Kwa milioni moja na nusu hiyo kodi peke yake ni 7,500. Waombe wakutumie benki, tafadhali.

Wifi yangu yuko Busia ya ng'ambo, upande wa Kenya, ana mfuko wa aina hii hii wa kwao. Anaomba kwa simu, pesa inaingia kwa simu, hakuna anayeichungulia M yake. Nilimwonea wivu hadi tukakaa tukapiga hesabu. Kwao faida inakatwa kodi ya asilimia 15 kabla hujaigusa. Kwetu Uganda, mapato ya mfuko wa pamoja yanayogawiwa wawekezaji hayatozwi kodi ya mapato. Kwa hiyo asilimia 13 yake inabaki 11 na kidogo, mimi 11 yangu ni 11. Tumelingana! Ila mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, kisha ndani ya miezi michache ikashuka karibu na 130, na shilingi yake ikapanda dhidi ya yetu pia. Akibadilisha pesa yake kuja huku anajiona mjanja. Ujanja gani, ni bahati tu ya mpaka. Ingegeuka upande wa pili angekuwa analia kwangu.

Shemeji yangu naye, yule niliyemwingiza mimi, kijana wa mauzo alimshawishi aingie mfuko wa mchanganyiko, wenye hisa ndani yake. Alionyeshwa mchoro unaopanda. Hakuna aliyemwambia kwamba hisa zinashuka, na kwamba hata hatifungani ambazo watu wanazisema ni za serikali, salama, bei yake hushuka viwango vya riba vikipanda, kwa sababu nani atanunua ya zamani inayolipa kidogo wakati mpya inalipa zaidi? Akafungua taarifa ya mwezi akakuta milioni zake zimepungua, akanipigia saa tatu usiku akidhani ameibiwa. Hakuibiwa. Mfuko ule ni wa mtu asiyehitaji pesa yake miaka mitano hivi. Shemeji anajenga, anahitaji saruji kila mwezi. Walimuuzia koti la baridi kwenye jua la Tororo.

Mnaona nimeanza kuwafundisha tena. Ndiyo tabia niliyokuwa nayo nilipokuwa mhubiri.

Niwape haki yao katika jambo moja, ingawa linaniuma. Yule binti alisema kweli. Si benki. Pesa yako ikiwa benki, Mfuko wa Kulinda Amana unakulipa hadi shilingi milioni 10 benki ikianguka. Kwenye mfuko wa pamoja hiyo kinga haipo. Kilichopo ni kingine: kampuni lazima iwe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na mali za mfuko hazikai mikononi mwa meneja, zinakaa kwa mdhamini, mtunzaji wa mali zetu, ambaye ni tofauti naye. Meneja akifilisika, wadai wake hawawezi kuja kubeba vipande vyangu, yaani sehemu yangu ya mfuko. Hilo ndilo lilinifanya niingie huku. Hapa Uganda tumeona mwaka 2019 Dunamiscoins, kampuni iliyokuwa ikikusanya pesa za watu, ikifunga milango na watu wakabaki nje wakilia, walikuwa wameahidiwa faida ambayo hata bangi hailipi. Mtu akikuahidi asilimia 30 kwa mwezi, usimuulize leseni, kimbia tu.

Kwa hasira zangu niliamua kutoa kila kitu. Fomu nikaijaza, M nikaiwekea mkia wa nyani. Halafu nikakaa kujiuliza, naipeleka wapi? Hati za hazina ningeweza kununua mwenyewe kupitia benki, kuanzia 100,000 tu, na Benki Kuu huziuza za siku 91, 182 na 364. Lakini faida yake inakatwa asilimia 20, na ukiihitaji katikati unaanza kumtafuta wa kukununulia. Amana ya muda maalumu benki, kodi ni 15, na ukivunja kabla ya muda wanakunyang'anya faida. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilitangaza asilimia 13.5 kwa mwaka wa fedha 2024/25, nzuri mno, lakini ile akiba ya kawaida ni ya uzeeni, haipeleki mtoto Senior Four. Sako yetu ya sokoni sitaki kuizungumzia, mweka hazina wake sasa hivi anaishi Juba.

Fomu ikabaki kwenye pochi. Iko mle mpaka leo.

Nilichofanya ni hiki, na mnaonifuata fanyeni hivyo hivyo au mfanye mnavyotaka. Ada ya muhula unaofuata nimeihamishia akaunti ya kawaida ya benki, haizai kitu, najua, lakini naitoa nikiitaka. Iliyobaki, ile ya kiwanja, nimeiacha kwenye mfuko. Na nimekwenda tena Kampala kusaini kadi mpya ya saini, juu ya meza safari hii. Kabla ya kumwingiza mtu mwingine yeyote nitamwambia ajaribu kwanza kutoa laki moja, asiulize asilimia, atoe laki moja ahesabu siku. Nimemfanyia kinyozi jaribio hilo kwenye kampuni nyingine, inayotangaza faida ndogo kuliko yangu kwa karibu asilimia moja. Pesa yake ilifika kesho yake mchana. Yuko pale anajichekea mwenyewe na mashine yake ya kunyolea.

Nyota moja. Nilikuwa nimeandika nyota moja na kuiacha hapo, lakini jana taarifa ya mwezi imeingia, faida ipo, haijapungua hata senti, na nimesikia dawati lile sasa anakaa yule mzee wa miwani. Basi ziwe tatu. Hapana, mbili na nusu. Ile 150,000 hakuna aliyenirudishia.