Kadi ya Jiji ya Saa 48 kwa Wikendi: Nyota Tatu, na Mbili Zilipopotelea

Kadi ya jiji ni ile unayoinunua mara moja, kisha inakufungulia makumbusho, minara na majumba ya kale kwa muda uliowekwa. Nimeitumia ya makumbusho pekee, ya usafiri na punguzo, na ya mchanganyiko. Naipa nyota tatu kati ya tano. Nyota mbili hazijapotea kwa sababu ya bei. Zimepotea kwenye saa, kwa kuwa wikendi ina Jumamosi moja na nusu ya Jumapili, na kadi inauzwa kana kwamba mnunuzi hasimami foleni wala miguu haimuumi.

Piga hesabu kabla ya kulipa. Mahali pakubwa panakula saa 2 za kutazama, dakika 30 za ukaguzi na foleni hata ukiwa na kadi mkononi, na dakika 45 za kufika panapofuata. Hizo ni saa 3 na robo. Milango mingi hufunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, yaani saa 9. Ondoa moja ya kula. Zilizobaki zinatosha sehemu mbili kwa utulivu na ya tatu kwa kukimbizana. Kwa siku mbili ni nne, au tano ukijitutumua. Sasa andika sehemu nne ambazo ungeziingia hata kama kadi isingekuwepo, weka kiingilio cha kila moja, jumlisha. Jumla ikizidi bei ya kadi, nunua. Kama mpaka uingie sita ndipo pesa irudi, iache hapo hapo dukani.

Kwenye jumla hiyo usiweke sehemu za bure. Ndipo London inapowakamata wengi: British Museum, National Gallery, Tate Modern na Victoria and Albert hazitozi chochote kwa maonyesho yao ya kudumu. Anayependa makumbusho anaweza kumaliza wikendi nzima pale bila kadi yoyote na asikose kitu.

Neno "kadi" lenyewe linaficha bidhaa tofauti. Paris Museum Pass ni ya kuingilia tu. Metro, yaani treni za mjini, unalipa mwenyewe. Berlin WelcomeCard na Vienna City Card ni tiketi ya usafiri iliyoshonewa punguzo la viingilio, kwa hiyo mlangoni bado utatoa pesa. Roma Pass ya saa 48 ina usafiri, mlango wa kwanza, yaani sehemu ya kwanza unayoingia, bure na mingine kwa punguzo. Hapo ujanja ni kuutumia ule mlango wa bure kwenye kiingilio kikubwa zaidi. Ukianza na kijumba cha makumbusho kwa sababu tu kipo karibu na hoteli, umeichoma.

Baada ya hapo soma kama kadi inahesabu saa au inahesabu tarehe. Ya tarehe, kila siku yake huisha usiku wa manane. Ukiiwasha saa 9 alasiri, umetumia siku nzima kwa saa tatu za kutembea. Ya saa huanza pale mashine ya mlangoni inapoisoma mara ya kwanza, na hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu wa wikendi, mradi aiwashe Ijumaa na si Jumamosi. Chukua Paris. Makumbusho ya Louvre hubaki wazi hadi saa 3 usiku siku za Jumatano na Ijumaa. Ingia Ijumaa saa 11 jioni, vikundi vya mchana vimeshaanza kutoka. Unapata karibu saa tatu na nusu, maana vyumba huanza kuondolewa watu kabla ya muda wa kufunga. Jumamosi yote ni yako. Jumapili kadi bado inafanya kazi hadi saa 11 jioni. Kadi ile ile ya saa 48 imekupa siku tatu. Anayeiwasha Jumamosi saa 8 mchana naye ana saa 48, ila zake zinamwagikia Jumatatu, siku ambayo Musée d'Orsay na makumbusho mengi ya Ulaya hufungwa.

Siku za kufungwa zinastahili dakika kumi za kusoma, kwa kuwa hazifanani. Louvre hufungwa Jumanne. Kasri la Topkapı, Istanbul, pia Jumanne, lakini Soko Kuu lililofunikwa la mji huo hufungwa Jumapili, kwa hiyo lipange Jumamosi. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, ambapo huwa bure kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, na mwisho wa kuingia ni saa 6:30. Bure hiyo kwa maoni yangu ni mtego: foleni inakula asubuhi yote, na ndani utasukumwa na umati hadi mlango wa kutokea. Tofauti na makumbusho ya Prado ya Madrid, ambayo ni bure saa mbili za mwisho, Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa 12 jioni na Jumapili kuanzia saa 11 jioni. Hapo chagua vyumba viwili, nenda moja kwa moja, usizurure.

Linaloharibu wikendi za wengi ni hili: kadi si nafasi ya kuingia. Louvre na Sainte-Chapelle, kanisa dogo la kale la Paris, hutaka uweke saa yako mapema hata ukiwa na kadi. Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, vilevile. Nafasi za Jumamosi asubuhi huisha kwanza. Mpangilio sahihi ni kuangalia kwanza kama saa unazotaka zimebaki, ndipo ununue kadi, halafu uweke nafasi dakika hiyo hiyo. Ukigeuza mpangilio utabaki na kadi iliyolipiwa na mlango uliojaa, na kadi nyingi hazirudishiwi pesa. Angalizo kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: tiketi itaandikwa 15:30, na hiyo ni saa 9:30 alasiri. Iandike upya kwenye karatasi yako kwa lugha unayofikiria nayo, kwa sababu mtu aliyechoka husoma 14:00 akaona saa 4.

Saa ya kuingia iendane na jua pia. Ndani ya kanisa la Sagrada Família, Barcelona, vioo vya upande wa mashariki ni vya bluu na kijani na huwaka asubuhi; vya magharibi ni vyekundu na vya machungwa na huwaka alasiri. Ukiingia saa 6 mchana jua liko juu ya paa na unakosa vyote viwili kwa nguvu zake. Sainte-Chapelle hali ni hiyo hiyo: ukumbi wa juu una madirisha 15 marefu ya vioo vya rangi, na siku ya mawingu mazito yanafifia kabisa. Jengo hilo limo ndani ya eneo la mahakama, kwa hiyo ukaguzi wake ni kama wa uwanja wa ndege. Kisu kidogo cha kukunja au mkasi ukikutwa mfukoni utakuchelewesha ukapitwa na saa yako. Fika dakika 30 kabla. Ndani, nusu saa inatosha.

Soma orodha ya kilichomo kama unavyosoma mkataba. Lile jengo lililopigwa picha kwenye kila bango mara nyingi halimo: mnara wa Eiffel haumo kwenye Paris Museum Pass, wala makumbusho ya Vatikani hayamo kwenye Roma Pass. Nyumba ya Anne Frank, Amsterdam, makumbusho ya msichana Myahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni, huuza tiketi mtandaoni pekee, na hutolewa kila Jumanne kwa ziara za wiki sita mbele, hivyo kadi haikusaidii hata kidogo. Angalia pia matengenezo. Makumbusho ya Pergamon, Berlin, yalifungwa yote Oktoba 2023 kwa ukarabati wa miaka, na bado kuna watu wanaopanga safari kwa ajili yake.

Kwa simu: pakua kadi ukiwa kwenye intaneti ya hoteli, ongeza mwanga wa skrini kabla ya kufika mlangoni, na usitegemee picha ya skrini, kwani baadhi ya programu hubadilisha msimbo wa QR kila baada ya muda na mashine inakataa ule wa zamani. Kioo kilichopasuka juu ya msimbo nacho hukataliwa, chapisha karatasi. Pawabenki, betri ya akiba ya kuchajia simu, si anasa.

Basi la utalii la kupanda na kushuka, ambalo kadi nyingi huliongeza kama zawadi, nalipatia nyota mbili. Huzunguka upande mmoja tu, kwa hiyo ukiwa kituo cha 5 na unataka kurudi cha 4, utazunguka jiji zima. Jumamosi mchana linakwama kwenye msongamano kama magari mengine, na la mwisho huondoka mapema kuliko unavyodhani. Linafaa kwa jambo moja: mzunguko mmoja kamili asubuhi ya kwanza bila kushuka, ujue nini kiko wapi. Baada ya hapo metro na miguu.

Ziara ya miguu ya "bila malipo" naipa nne. Huchukua saa 2 hadi 2 na nusu, na malipo ni bahashishi mwishoni. Mara nyingi mwongozaji hulipa kampuni kiasi kwa kila kichwa, kwa hiyo anayeondoka kimyakimya anamtia hasara. Kundi likizidi watu 25 hutasikia kitu ukiwa nyuma. Simama ubavuni kwake, na mkitembea uwe miongoni mwa watano wa mbele.

Jumapili usipange mlango mkubwa baada ya saa 8 mchana. Utakuwa umeshatoka hotelini, na masanduku makubwa ya magurudumu hukataliwa kwenye vyumba vya kuhifadhia mizigo vya makumbusho. Yaache hotelini au kwenye makabati ya stesheni, kisha chagua sehemu ya mwisho iliyo kati ya hapo na treni yako. Na saa ya kufunga iliyobandikwa mlangoni usiichukue kuwa saa ya kuingia: mwisho wa kuingia huwa nusu saa hadi saa nzima kabla yake, na kadi yenye dakika 40 zilizobaki haimgeuzi mlinzi.