Bosi Anayetaniwa: podikasti ya Conan O'Brien kwa sikio la MC wa harusi

Kazi yangu ni kushika maikrofoni kwenye harusi za watu. Moshi na Arusha zaidi, Dar nikiitwa na nauli ikatumwa mapema. Msimu ukichangamka, Ijumaa napiga sendofu (sherehe ya kumuaga bibi harusi), Jumamosi harusi, Jumapili nalala mpaka shingo inauma. Kwa hiyo nikiandika kuhusu podikasti ya mchekeshaji wa Kimarekani, msidhani nimejitia mjuzi wa mambo ya Hollywood. Nasikiliza kama fundi mwashi anavyoukagua ukuta wa fundi mwenzake. Kama umepinda nitauona, na kama umenyooka nitataka kujua aliuvutia kamba vipi.

Kipindi kinaitwa Conan O'Brien Needs a Friend, yaani bwana huyu anatafuta rafiki. Kilianza Novemba 2018, mgeni wa kwanza akiwa mwigizaji Will Ferrell, na kipindi kikubwa hutoka kila Jumatatu. Kwa asiyemjua Conan, ni baba mmoja mrefu sana, mweupe hata kwa viwango vya wazungu, nywele nyekundu zimesimama juu ya paji la uso kama upanga wa jogoo. Alikuwa mwandishi wa vichekesho kabla ya kupewa kipindi chake cha usiku kwenye televisheni mwaka 1993, na akaendelea na kazi hiyo, kwa kuhamahama stesheni, mpaka Juni 2021. Miaka 28. Dai lake ni kwamba katika muda wote huo amekaa na watu maarufu wasiohesabika, kila mmoja kwa dakika chache, taa zikazimwa, wakaagana, na hakuna aliyebaki kuwa rafiki. Sasa anawakalisha kwa saa nzima aone kama kuna atakayekubali. Kila mgeni anafungua kwa kutaja jina lake na kusema anajisikiaje kuwa rafiki wa Conan. Hapo hapo wenye akili wanaanza kumkandia.

Nimemsikiliza kwa miaka mitatu sasa, na nina jambo moja la kusema ambalo waliomsifia mbele yangu hawakuliona sawasawa. Wageni sio utamu wa kipindi hiki. Utamu uko mwanzoni, kabla mgeni hajaingia, Conan anapopiga soga na watu wawili anaofanya nao kazi: Sona Movsesian, aliyeanza kuwa msaidizi wake mwaka 2009, na Matt Gourley, mtayarishaji. Na kinachofanyika pale Waingereza hawana neno lake. Sisi tunalo. Ni utani.

Sisemi utani wa kuchekeshana tu. Nasema utani wenyewe, ule wa Mpare na Mchaga, ule unaokupa haki ya kumwambia mtu neno ambalo akilisema mwingine kutakuwa na kesi. Mimi ni Mpare, Moshi nimezungukwa na Wachaga, kwa hiyo najua ninachosema. Ukiniambia kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe agharamie kesi ya kuku, nakuuliza kwanza baba yako ni wa wapi. Ukisema Machame, kwa Wachaga, tunacheka. Ukisema kwingine, sikukujibu vizuri.

Sona ana leseni hiyo. Familia yake ni ya asili ya Armenia, na mwaka 2015 yeye na bosi wake walikwenda huko pamoja kurekodi kipindi cha televisheni. Hafichi kwamba ni mvivu kazini, kwamba anatazama tamthilia zake saa za kazi na simu zinaita. Mwaka 2022 alitoa kitabu kizima akijitangaza kuwa msaidizi mbovu kuliko wote duniani, na dibaji akaiandika nani? Bosi mwenyewe. Conan akianza kujisifu, Sona anamkata. Akisimulia tukio kwa kujipendelea, Sona anasema mimi nilikuwepo, haikuwa hivyo. Gourley ana upole wake, sauti ya mwalimu wa shule ya msingi, lakini anauma kimyakimya. Conan naye anamrudia kwa mavazi yake na mapenzi yake ya vitu vya kale. Zinapita dakika ishirini wanabishana juu ya kitu kisicho na uzito wowote, mimi niko kwenye kosta kati ya Boma Ng'ombe na Arusha, nacheka peke yangu na abiria wa kiti cha pembeni anasogea dirishani.

Kuna mahali nilijifunza kitu cha kazi, na hili ndilo lililonifanya nikae niandike.

Mwaka 2022, kwenye sendofu moja, nilimtania mjomba wa bibi harusi kuhusu tumbo. Nilisema wapishi wasihangaike na ndafu, mjomba ameshaileta akiwa ameimeza. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Ukumbini paliingia ubaridi. Mjomba hakucheka, meza kuu ikatazama sahani, na baada ya dakika mbili nikaletewa kikaratasi na mwenyekiti wa kamati: MC, fuata ratiba. Nililipwa salio langu, ila bila ule mkono wa pili, mkono wa asante.

Nilikuja kumwelewa Conan wiki kadhaa baadaye, nikirudia kipindi kimoja mara ya pili. Kabla hajamgusa mtu, anajigusa mwenyewe. Anautukana mwili wake, sauti yake, weupe wake, uhitaji wake wa kupendwa. Anajivua nguo zote mbele yenu, halafu ndipo anasema kwamba shati la Gourley lina kasoro. Wakati huo nani atakasirika? Aliyetupa jiwe amesimama uchi. Mimi kwa mjomba nilitupa jiwe nikiwa na suti mpya ya bluu na viatu vinang'aa, juu ya jukwaa. Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Tumbo la mjomba lilikuwa halali kabisa.

Jambo la pili la ufundi: haachii kitu haraka. MC wengi, nami nikiwemo, tukipata kicheko tunakimbilia kingine kama kondakta anayewahi abiria wa kituo cha mbele. Conan akipata kijineno, labda mgeni ametamka kitu vibaya, anakaa nacho. Anakigeuza, anakitungia mhusika, anampa mhusika sauti, anamwoza, anamzeesha. Mara nyingine kinakufa mikononi mwake, naye anasema wazi kwamba kimekufa, na hapo ndipo mnacheka zaidi. Wanafunzi wangu wa kushika maikrofoni, wawili, nawaambia wasikilize hilo tu hata kama Kiingereza chao ni cha kuungaunga. Mwendo wa sauti utawafikia.

Katika wageni, ninaowapenda ni wale wenye historia naye ndefu, kwa sababu nao wameshakuwa watani. Paul Rudd, yule mwigizaji, amemfanyia mzaha mmoja tangu 2004. Kila alipokwenda kwenye kipindi chake cha televisheni kutangaza kazi mpya, alisema tutazame kipande kidogo, na kilichotokea ni kipande kilekile cha filamu moja mbovu ya 1988: mtoto kwenye kiti cha magurudumu anaporomoka mlimani mpaka anatumbukia majini. Mwaka baada ya mwaka. Conan alijua, watazamaji walijua, na bado ilikuja. Podikasti haina picha, ungedhani amepona. Rudd akamfanyia humo humo, kwa sauti tupu. Nilisimamisha kazi ya kupiga pasi. Mzaha wa karibu miaka 20, haujabadilishwa hata kidogo, ni kama Simba na Yanga: hakuna anayeuliza tena ulianza kwa nini.

Mimi nilizika bibi yangu Usangi, na watani wa Kichaga walikuja kama desturi. Mmoja akaingia kaburini, akakaa kitako, akasema hatoki mpaka alipwe deni la mbege ambalo eti bibi alikunywa kwao akaondoka bila kuaga. Mama yangu, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka. Alicheka na machozi yakiwa bado shavuni, akafungua kanga akatoa noti. Siku tisa baadaye nilikuwa ukumbini nasema makofi kwa bwana na bibi harusi.

Nimelileta hilo kwa sababu Conan aliwapoteza baba na mama Desemba 2024, wakipishana kwa siku tatu tu. Tarehe 2 Machi 2025 akasimama kuongoza sherehe ya tuzo za filamu za Oscar mbele ya dunia nzima. Watu wa kazi yetu tunaijua hiyo hesabu ya siku. Nilirudi kusikiliza jinsi anavyowazungumzia wazazi. Baba yake alikuwa daktari, na Conan husimulia kwamba mzee alimwambia mwanangu, unajipatia riziki kwa kitu ambacho kwa haki kilipaswa kutibiwa. Mtu akitoka kwenye nyumba ya namna hiyo, huko ofisini lazima atamtafuta Sona.

Haya, lawama.

Kwanza, anawakatiza wageni. Anajijua, anajisema, na bado anakatiza. Kuna mgeni unasikia kabisa alikuwa anaelekea kwenye jambo zito, pengine la ndoa yake au la kazi iliyomshinda, na Conan anaingia na sauti ya kuchekesha, njia inafungwa. Kama ningekuwa mzee wa kamati ningempelekea kikaratasi.

Pili, kusifiana. Vipindi vya waigizaji wakubwa wenye filamu mpya vinaweza kuwa nusu saa ya wewe ni hodari, hapana wewe ndiye hodari. Nayajua haya, ni hotuba za wawakilishi wa ukoo, na dawa yake ni ileile: unasogeza mbele. Alipokuja Michelle Obama sikuona hivyo. Walizungumza kama watu waliowahi kuonana jikoni. Lakini wapo wengi ambao nimewaacha njiani.

Tatu, matangazo ya biashara. Mengine anayasoma mwenyewe na kuyafanyia vituko, hayo navumilia. Mengine ni ya bidhaa ambazo hapa Kilimanjaro hazitafika na zikifika sitazinunua. Mwaka 2022 kampuni yake iliuzwa kwa SiriusXM, kampuni ya redio ya Marekani, magazeti yakataja dola milioni 150. Mimi mteja akiniomba nipunguze elfu hamsini nakosa usingizi, kwa hiyo simlaumu mtu kwa kuuza. Nasema tu kwamba tangu niingie, matangazo hayajapungua.

Nne ni mzigo wa msikilizaji wa huku. Wanataja vipindi vya televisheni vya miaka ya sabini, vyakula vya Boston, waimbaji niliowasikia kwake tu. Zamani nilikuwa nasimamisha kuvitafuta kwenye simu, sasa naacha vipite kama ninavyoacha vipite visa vya mzee anayesimulia mtaa aliokulia. Kusikiliza ni bure kwenye programu za kawaida za podikasti. Bando ndilo lenye gharama: saa moja inaweza kula MB 60 hivi, na kipindi mara nyingi kinavuka saa. Mimi napakua usiku kwenye waifai ya ukumbi, tukisubiri wapambaji wamalize kufunga maua. Meneja anajua. Ni Mchaga, ameshanidai mara kadhaa.

Ukitaka kuanza, usianzie kwa jina kubwa. Chukua vile vipindi vya Alhamisi ambamo anaongea kwa simu ya video na wasikilizaji wa kawaida kutoka nchi mbalimbali. Ni vifupi, na hapo hana wa kumwogopa wala wa kumpamba. Mtu anaeleza kazi yake, yeye anaichimba mpaka inageuka hadithi. Vipindi hivyo ndivyo vilivyozaa safari zake za televisheni za 2024, alipowafuata baadhi yao makwao, Norway, Thailand, Argentina. Nikipigiwa mimi nitamwalika harusini, akae meza ya wajomba.

Nyota, kama mnazitaka: nne kati ya tano. Ya tano ameila mwenyewe kwa kukatiza.

Na sasa nimeanza kujaribu. DJ wangu ni kijana wa Kichaga wa Marangu, tumefanya kazi pamoja miaka sita na sikuwahi kumpa maikrofoni zaidi ya kusema moja mbili, moja mbili. Jumamosi iliyopita, kabla ya maharusi kuingia, nilimwambia akaribishe wageni kwa niaba yangu na aseme lolote kunihusu. Aliniangalia kama mtego. Kisha akashika, akakohoa, akasema: wageni waalikwa, MC wetu akizidisha muda tafadhali msimzomee, ni Mpare huyu, Jumatatu mtapokea samansi. Ukumbi ulilipuka, kina mama wa mbele wakagonga meza. Sikumlipa hela yake ya wiki iliyotangulia, na hilo nalo akalisema.