Meza ya taa ya fundi wa Mabatini: nimeitumia miezi miwili

Wachoraji wenzangu wa Mwanza, hii meza ni mkombozi. Boksi la mbao, kioo juu, taa ya LED ndani, nimelipa 45,000. Weka karatasi juu ya karatasi, mstari wa chini unauona wote.

Mwalimu wangu ni Winsor McCay, mchora katuni wa magazeti ya New York. Filamu yake ya katuni ya 1911 ilikula michoro 4,000 hivi! Kwenye ile ya 1914, dinosaria wake Gertie anakunywa ziwa zima. Kila karatasi ilichorwa upya na mandhari yake, miamba na miti. Kazi hiyo ya mandhari aliifanya msaidizi wake. Kwenye pembe zilitiwa alama za msalaba ili karatasi zikae sawasawa.

Mimi sina msaidizi. Nachora kambale anaruka mbele ya Jiwe la Bismarck, nimefika karatasi ya 96. Bila meza, jiwe lilikuwa linarukaruka kuliko samaki. Sasa linatetemeka kidogo tu, kama miamba ya McCay, na hapo ndipo ninapopapenda.

Kasoro: kingo za kioo hazikusagwa, zilinichana kidole. Mwambieni fundi asage kabla hamjalipa.