Kikundi cha Kuweka na Kukopa Kibirizi: Tathmini Baada ya Kuvunja Sanduku

Nimemaliza mzunguko mmoja wa mwaka nikiwa mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Kibirizi, Kigoma, na kwa kuwa wengi huniuliza kama huduma hii inamtoa mtu katika umaskini, nimeona niandike nilichokiona sandukuni na nje ya sanduku.

Kwa uendeshaji sina la kulalamika. Mikutano huanza kwa wakati, sanduku lina kufuli tatu na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, hesabu husomwa mbele ya wote, na kikundi kimesajiliwa katika daraja la nne, la vikundi vya kijamii, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Ninalotaka kulieleza kwa urefu ni mgawanyo wa faida. Hisa moja ni shilingi 2,000. Mwanachama hununua hadi tano kila wiki, hukopa hadi mara tatu ya akiba yake, na hulipa riba ya asilimia 5 kwa mwezi; riba hizo ndizo zinazozaa faida ya kikundi. Mimi ni mwalimu na mshahara wangu hauujui mwezi wa angani, kwa hiyo nilinunua hisa tano kila wiki hadi zikafika 260. Jirani yangu anauza dagaa. Giza likiwapo mitumbwi hutoka na taa, naye hupata mzigo. Mbalamwezi ikitawala dagaa hawaifuati taa, wavuvi hupumzika, na wiki hizo hana cha kuleta mkutanoni. Mwaka mzima alipata hisa 100.

Tulipovunja sanduku, yaani tulipogawana akiba na faida mwishoni mwa mzunguko, kila hisa ya 2,000 ilikuwa imefika 2,600. Kwa asilimia tulikua sawasawa, yeye na mimi, asilimia 30 kila mmoja, na mwenyekiti alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kwa fedha taslimu mimi nilipata faida ya shilingi 156,000 na yeye 60,000, na tofauti ya akiba zetu, iliyokuwa 320,000, ikawa 416,000. Zaidi ya hapo, mimi sikukopa hata mara moja. Yeye alikopa 200,000 kwa miezi mitatu, kisha 400,000 kwa miezi mitatu, akalipa riba ya 90,000 kwa jumla, yaani zaidi ya faida aliyopewa. Sehemu ya faida yangu ilitoka katika beseni lake la dagaa, na jambo hili limenisumbua tangu siku ile.

Hata hivyo, nisingemshauri ajitoe. Mkopo wa pili aliujengea vichanja, na dagaa waliokaushwa juu ya vichanja, wasio na mchanga, hununuliwa kwa bei nzuri kuliko wale wa kuanikwa chini. Bila mfuko kukua asingepata fedha hizo kokote kwa riba ile. Ninachosema ni kwamba mfuko uleule ungemsogeza mbali zaidi kama mgawanyo wake ungekuwa tofauti.

Taifa letu limepita njia inayofanana na hii. Kati ya mwaka 2011/12 na 2017/18 uchumi wa Tanzania ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, lakini umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4 tu, na katika kipindi hichohicho kipimo cha Gini, ambacho hupanda kadiri pengo la matumizi linavyopanuka, kilipanda hadi 0.38. Mchumi Mfaransa François Bourguignon alilichora jambo hili kama pembetatu: ukuaji na mgawanyo wa kipato huathiriana, na viwili hivyo kwa pamoja ndivyo vinavyoamua umaskini upungue kwa kiasi gani. Kabla ya mwaka huu niliiona hiyo kuwa hoja ya darasani.

Kwa anayetaka kujiunga na kikundi chochote ukanda huu wa ziwa, aulize kwanza kama hisa hufuata wiki au hufuata giza. Aulize pia mfuko wa jamii, yaani fedha za kusaidiana wakati wa shida, una kiasi gani, kwa sababu mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kwa muuza dagaa miezi mitatu ya namna hiyo humaliza akiba yote.

Katika mkutano wa mwisho nilipendekeza kikomo cha hisa kishuke hadi tatu, na anayekosa wiki za mbalamwezi aruhusiwe kuzifidia giza likirudi. Wenzangu wawili wenye mishahara walipinga, wauza dagaa wakaunga mkono, na pendekezo likapita. Mzunguko mpya umeanza, nami nimenunua hisa zangu tatu.